Sura ya 5: Duka na Mshahara – Wajamaika na Waarabu Walivyojijenga Marekani

Kwa nini watu wa asili moja wakifika Marekani hufungua maduka, na wa asili nyingine huajiriwa hospitalini na kwenye mabasi? Na kati yao, nani anaishi vizuri zaidi?

Maswali haya huulizwa sana na watu wenye ndugu ughaibuni. Kijana anayejiandaa kusafiri huuliza, na mzazi anayemsubiri mwanawe atume fedha huuliza pia. Jibu linalotolewa huwa fupi: Waarabu wana biashara damuni, Wajamaika ni wachapakazi wa kuajiriwa. Likirudiwa mara nyingi, hugeuka kuwa ukweli usiohojiwa.

Sura hii inalihoji. Tutazitazama jamii hizi mbili katika nchi moja, Marekani, ambako zote mbili zimekaa zaidi ya miaka 100. Tutaona kwamba damu haielezi chochote. Kinachoeleza ni sheria iliyofungua mlango, lugha aliyokuja nayo mhamiaji, jamaa aliyempokea, na idadi ya watu wanaoleta kipato nyumbani.

Tunawalinganisha akina nani?

Jamaika ni kisiwa kimoja chenye watu wasiofika milioni 3. Kilitawaliwa na Uingereza hadi tarehe 6 Agosti 1962, na lugha yake ya shule na ofisi ni Kiingereza. Tukisema "Wajamaika wa Marekani", tunasema juu ya watu waliolelewa katika nchi moja, chini ya mfumo mmoja wa elimu.

"Waarabu wa Marekani" ni jina pana mno. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22. Ndani ya jina hilo yumo mjukuu wa mchuuzi wa Kilebanoni aliyefika New York kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari wa moyo kutoka Misri, mkimbizi kutoka Iraki aliyeshuka na sanduku moja, na kijana wa Yemeni anayeuza dukani usiku kucha. Kuwajumlisha wote na kutoa namba moja ni jambo la kufanywa kwa tahadhari.

Vipimo vitatu vya kuelewa kwanza

*Kipato cha kaya* ni jumla ya fedha zote zinazoletwa na watu wanaoishi nyumba moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba ya kwanza ina baba dereva wa basi, mama muuguzi msaidizi na binti karani wa benki, kila mmoja akipata dola 40,000 kwa mwaka. Nyumba ya pili ina daktari mmoja anayepata dola 120,000, na mwenzake hana kazi ya kulipwa. Katika hesabu za serikali nyumba hizi mbili ni sawa. Katika maisha si sawa hata kidogo: ya kwanza imetumia saa za watu watatu kupata kile ambacho ya pili imekipata kwa saa za mmoja.

*Kipato cha katikati* hupatikana kwa kuwapanga watu kwa mstari, kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi, kisha kumtazama aliyesimama katikati. Kipimo hiki ni salama kuliko wastani wa kawaida, kwa sababu tajiri mmoja akihamia mtaani hupandisha wastani wa mtaa mzima bila jirani yake kuongezewa hata senti.

*Kiwango cha umaskini* ni sehemu ya watu ambao kipato cha familia yao kiko chini ya kile ambacho serikali imekiweka kuwa mahitaji ya lazima. Jamii inaweza kuwa na kipato kizuri cha katikati na bado ikawa na maskini wengi. Shika hilo, maana litatufaa tukifika kwa Waarabu.

Wajamaika: mlango ulifungwa, ukafunguliwa

Wajamaika wengi wa mwanzo walifika Harlem, New York, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1952 Marekani ilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha wahamiaji 100 tu kwa mwaka kutoka kila koloni. Kwa hiyo wengi walielekea Uingereza, ambako meli ya Empire Windrush ilikuwa imetia nanga Tilbury tarehe 22 Juni 1948 ikiwa na mamia ya watu wa Karibi.

Mwaka 1962 Uingereza nayo ilianza kuufunga mlango wake. Miaka mitatu baadaye, tarehe 3 Oktoba 1965, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mpya ya uhamiaji chini ya Sanamu ya Uhuru. Sheria hiyo ilitoa nafasi kwa jamaa za watu waliokwisha kukaa Marekani na kwa wenye ujuzi uliohitajika. Wakati huohuo hospitali za miji mikubwa zilikuwa zikihitaji wauguzi, na familia zilihitaji watu wa kutunza wazee na watoto.

Walioitikia wengi walikuwa wanawake. Mama wa Kijamaika alitangulia, akaajiriwa kuwa muuguzi, muuguzi msaidizi au mhudumu wa wazee majumbani. Akishapata makaratasi, humwita mume, kisha watoto, kisha mdogo wake. Alijua Kiingereza na alikuwa na cheti kilichotolewa kwa mfumo wa Kiingereza. Mlango wa ajira ulipofunguka, hakuhitaji mkalimani.

Walijaza mitaa ya Flatbush na Crown Heights huko Brooklyn, na Wakefield katika Bronx. Baadaye walishuka kusini hadi miji ya Florida kama Lauderhill na Miramar. Hartford, Connecticut, ilipata Wajamaika wake wa mwanzo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipoletwa kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku. Florida nako waliletwa kukata miwa kwa mikataba, kazi iliyodumu kwa miongo mingi hadi mashine zilipochukua nafasi yao.

Mshahara, upatu na pipa

Mshahara wa muuguzi msaidizi si mkubwa, lakini unakuja kila wiki mbili, na mara nyingi una bima ya afya na chama cha wafanyakazi nyuma yake. Wajamaika waliujenga uchumi wao juu ya uhakika huo. Watu wawili au watatu wa nyumba moja huajiriwa, wengine hushika kazi mbili, na saa za ziada haziachwi.

Fedha za kuanzia nyumba zilikusanywa kwa njia tunayoijua vizuri. Wajamaika huiita *pardner*. Watu wanaoaminiana huchanga kiasi kilekile kila wiki au kila mwezi, na kila awamu mmoja hupokea mchango wote. Tanzania tunaiita upatu, na anayekusanya ni kijumbe. Kenya hufanywa ndani ya chama. Benki zilipokataa kumkopesha mtu mweusi, pardner ilimpa malipo ya awali ya nyumba. Haba na haba ilijaza kibaba kweli.

Kuna upande wa pili. Mama aliyetangulia aliwaacha watoto kwa bibi yao na kuwatumia mapipa yaliyojaa mchele, sabuni, viatu na nguo. Watoto hao walipata jina huko Jamaika: watoto wa pipa. Walikuwa na viatu vipya, na mama yao walimsikia kwa simu. Gharama hiyo haionekani katika hesabu yoyote ya kipato, na ni gharama kubwa. Kila anayesifu bidii ya mhamiaji anapaswa kuitaja.

Leo Wajamaika walio nje hutuma nyumbani zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Lakini kisiwa kinalipa pia. Makadirio ya wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa yalionyesha kwamba zaidi ya Wajamaika 8 kati ya 10 wenye elimu ya juu walikuwa wamehamia nchi tajiri. Ukimwona Mjamaika msomi New York, kumbuka kwamba humwoni Mjamaika wa kawaida. Unamwona aliyechujwa na safari.

*Kwa ufupi:* Wajamaika wengi walipanda kwa ajira ya mshahara, wanawake wakiwa mbele, wakisaidiwa na Kiingereza, vyeti na akiba ya pamoja.

Waarabu: safari tatu tofauti

*Safari ya kwanza, miaka ya 1880 hadi 1924.* Wengi walikuwa Wakristo kutoka Mlima Lebanon na Syria, wakati huo sehemu ya dola ya Waothmani. Makao yao yalikuwa mtaa wa Washington, upande wa chini wa Manhattan. Huko wafanyabiashara wa jumla waliwapa wageni sanduku la bidhaa kwa mkopo: vitambaa, sindano, rozari. Mgeni alibeba sanduku mgongoni na kutembea vijiji vya mbali akiuza nyumba kwa nyumba, kama machinga wetu. Aliyeweka akiba alifungua duka. Sheria ya mwaka 1924 ilikaribia kuusimamisha mmiminiko huo. Wajukuu wa wachuuzi hao leo ni mawakili, madaktari na wenye makampuni.

*Safari ya pili, baada ya 1948 na hasa baada ya 1965.* Hawa walikuwa Wapalestina waliopoteza makazi, na Wamisri, Wairaki na Wasyria waliokwenda kusoma vyuo vikuu au waliokwenda wakiwa tayari wana shahada. Waliingia moja kwa moja katika udaktari, uhandisi na ualimu wa vyuo.

*Safari ya tatu, kuanzia 1975.* Hawa walisukumwa na vita: vya Lebanon kati ya 1975 na 1990, vya Iraki mwaka 1991 na 2003, vya Syria tangu 2011 na vya Yemeni miaka iliyofuata. Wengi walifika bila Kiingereza. Mwenye shahada aliambiwa shahada yake haitambuliki, na mhandisi wa Baghdad akajikuta anaendesha teksi.

Duka la Myemeni linavyoendeshwa

New York imejaa maduka madogo ya pembeni mwa mtaa, na Wayemeni wanamiliki maelfu yake. Mwendo wake ni huu. Kijana anafika hajui lugha. Mjomba au binamu mwenye duka anampa kazi na mahali pa kulala. Anajifunza bei, wateja na maneno machache ya Kiingereza yanayohitajika kwenye kaunta. Baada ya miaka kadhaa jamaa wanamkopesha bila riba, ananunua hisa katika duka jingine, naye anamwita mdogo wake. Wabia hupokezana: mmoja anasimamia duka, mwingine anakwenda kuiona familia, kisha wanabadilishana.

Mfumo huu una nguvu zake, lakini tusiupambe. Duka hufunguliwa saa 24. Kijana anaweza kusimama saa 12 au zaidi kwa siku, na kazi ya ndugu mara nyingi hailipwi kwa saa. Hatari ya kuvamiwa usiku ipo. Ukigawanya faida ya duka kwa saa zote za familia nzima, mara nyingi kila saa huzaa fedha kidogo. Watu wengi wa namna hii hawakulichagua duka kwa kulipenda. Lilikuwa mlango pekee ambao asiyejua lugha angeweza kuupita.

*Kwa ufupi:* Waarabu wana ngazi mbili zilizo mbali. Ya juu ni ya wasomi na wajukuu wa wahamiaji wa zamani. Ya chini ni ya wakimbizi na wafanyakazi wa maduka.

Takwimu zinasema nini?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilitoa picha iliyo wazi ya watu wenye asili ya Kiarabu. Kipato cha katikati cha familia zao kilikuwa takriban dola 52,300 kwa mwaka, wakati cha nchi nzima kilikuwa karibu dola 50,000. Asilimia 41 ya watu wazima walikuwa na shahada, dhidi ya asilimia 24 ya Wamarekani wote. Ukiishia hapo, utasema Waarabu wamefanikiwa.

Lakini sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba asilimia 17 ya Waarabu walikuwa maskini, dhidi ya asilimia 12 ya nchi nzima. Wenye asili ya Lebanon na Syria walikuwa juu, na wenye asili ya Iraki na Moroko walikuwa chini zaidi. Tena, asilimia 46 tu ya wanawake wa Kiarabu walikuwa katika soko la ajira, wakati kwa wanawake wote wa Marekani ilikuwa asilimia 58. Familia nyingi zilisimama juu ya kipato cha mtu mmoja.

Kwa Wajamaika sura ni nyingine. Kipato cha kaya zao kiko karibu na cha Wamarekani kwa jumla, matajiri wakubwa ni wachache, na ajira ya wanawake ni ya juu sana. Wamiliki wa biashara ni wachache kuliko kwa Waarabu. Wapo walioweka alama, kama Golden Krust, kampuni iliyoanzishwa Bronx mwaka 1989 na kusambaza andazi la nyama la Kijamaika, *patty*, katika majimbo mengi. Ila njia ya wengi imebaki kuwa mshahara.

Kwa hiyo Waarabu wana kilele kirefu zaidi na shimo refu zaidi. Wajamaika wamekusanyika zaidi katikati.

Je, ni damu? Ushahidi unakataa

Kama biashara ingekuwa damuni mwa Waarabu, tungeiona kila walikokwenda. Dearborn, Michigan, inatuambia jambo jingine. Januari 1914 kampuni ya Ford ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, kiasi kikubwa mno wakati huo. Waarabu waliacha uchuuzi wakaingia kiwandani. Kiwanda kikubwa cha River Rouge kilipojengwa Dearborn, walikifuata. Vizazi kadhaa vya Walebanoni na Wayemeni wa mji huo walikuwa wafanyakazi wa mshahara na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari. Leo Dearborn ina watu wapatao 110,000, na sensa ya 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu wana asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Penye mshahara mzuri usiodai Kiingereza fasaha, Mwarabu aliajiriwa.

Sasa geuza. Kama Mjamaika hakuumbiwa biashara, nani amejaza masoko ya Kingston? Tangu enzi za utumwa, wanawake wa Kijamaika wamekuwa wakichukua mazao mashambani na kuyauza mjini. Wanaitwa *higglers*, na baadhi ya warithi wao husafiri hadi Miami na Panama kununua nguo za kuuza. Hawa ni wachuuzi na waagizaji kwa wakati mmoja. Wanawake wa Kijamaika walipofika New York na kukuta hospitali inalipa vizuri kuliko meza ya sokoni, walichagua hospitali.

Kuna ushahidi mwingine mzito zaidi: Waarabu walihamia Jamaika yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 walifika kutoka Mlima Lebanon na Bethlehemu, wakauza vitambaa kwa miguu, wakafungua maduka Kingston. Familia hizo zikawa miongoni mwa matajiri wa kisiwa. Edward Seaga, mwenye asili ya Kilebanoni kwa upande mmoja, alikuwa waziri mkuu kuanzia 1980 hadi 1989. Je, waliwashinda wenyeji kwa akili? Tazama hatua ya kuanzia. Utumwa ulipokomeshwa, Uingereza iliwalipa fidia wamiliki wa watumwa; walioachwa huru mwaka 1838 hawakupewa ardhi wala mtaji. Mgeni alipata bidhaa kwa mkopo kutoka kwa jamaa zake. Aliyetoka utumwani hakuwa na jamaa mwenye ghala.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumeuona mfumo huohuo. Wahadhrami kutoka Yemeni walifungua maduka Mombasa, Zanzibar na bara kwa utaratibu huo wa kuitana na kukopeshana bidhaa. Mtaji wao wa kwanza ulikuwa jamaa aliyetangulia.

Rangi na hofu

Mhamiaji hupangiwa pia na macho ya mwenyeji. Mjamaika alipofika alihesabiwa mtu mweusi, basi. Kuanzia miaka ya 1930 serikali ilichora ramani zilizotia rangi nyekundu mitaa ya weusi, na mikopo ya nyumba ikanyimwa huko. Ubaguzi huo ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1968, lakini ulikuwa umekwisha kuacha alama katika thamani ya nyumba. Mwaka 2008 mikopo mibaya ilipoporomoka, mitaa ya kusini-mashariki mwa Queens, wanakoishi Wajamaika wengi, ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi jijini.

Mwarabu kwa upande wake alihesabiwa mweupe kisheria. Mahakama iliamua hivyo mwaka 1915 katika kesi ya George Dow, Msyria aliyeomba uraia. Uamuzi huo ulimfungulia uraia, lakini pia ulimficha: kwa zaidi ya karne moja umaskini wa Wayemeni na Wairaki umezama ndani ya takwimu za weupe. Machi 2024 tu ndipo serikali ya Marekani ilipoidhinisha kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini lihesabiwe peke yake katika swali la rangi.

Tena, weupe huo wa karatasi haukumlinda. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, wanaume zaidi ya 80,000 wengi wao kutoka nchi za Kiislamu walitakiwa kujiandikisha maalumu. Mwaka 2017, marufuku ya kuingia Marekani ilipowakumba Wayemeni, wenye maduka wa New York walijibu kwa chombo walichokuwa nacho: tarehe 2 Februari walifunga maduka zaidi ya 1,000 na kukusanyika Brooklyn. Jiji liliona kwa siku moja jinsi linavyowategemea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuhukumu

Ukisikia kwamba jamii fulani imefanikiwa na nyingine imeshindwa, uliza haya:

1. Waliingia kwa mlango upi: kazi, masomo, jamaa au ukimbizi?
2. Walikuja na lugha na vyeti vinavyotambulika?
3. Nyumba moja ina watu wangapi wanaoleta kipato, na kwa saa ngapi?
4. Wana miaka mingapi huko: kizazi cha kwanza au cha tatu?
5. Waliruhusiwa kuishi, kukopa na kumiliki wapi?

Maswali haya yanatuhusu. Wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokewa Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 2010 hadi 2024. Wameingia kwa mlango wa Mwiraki, si wa muuguzi wa Kingston. Kuwapima kwa kipimo cha Mjamaika baada ya miaka mitano ni kuwaonea.

Kwa hiyo, msomaji, kama una kijana anayejiandaa kuondoka, msaidie kwa vitu vinavyofanya kazi kweli. Ajue lugha ya anakokwenda. Vyeti vyake vithibitishwe kabla ya safari. Amtafute jamaa au jirani aliyetangulia, na akifika ajiunge na upatu wa watu waaminifu. Na wewe uliyebaki, usimpigie simu kumwuliza kwa nini mtoto wa fulani ameshajenga. Muulize anafanya kazi saa ngapi, analala wapi, na watoto wake anawaona lini.

Hakuna taifa lililoumbiwa duka wala lililoumbiwa mshahara. Watu huupita mlango waliofunguliwa, kwa nguvu waliyo nayo. Tuwahukumu wahamiaji wetu kwa haki hiyo.